Kwa Nini Walezi wa Wafinyanzi Huketi Kimya Asubuhi

Hapo zamani, wafinyanzi walipokuwa wakichimba udongo bondeni, mlezi wa watoto wao hakuwa akiketi. Alisimama uani na ufito mkononi, akafundisha kwa zamu alizorithi: leo kupepeta, kesho kusuka, keshokutwa kuhesabu. Mtoto apende asipende. Nanyi mnaowacheka walezi wa leo kwamba ni wavivu, sikilizeni kwanza.

Mlezi wa siku hizo aliitwa Nyamizi. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliwapenda watoto na kuwalisha vizuri, ila aliamini samaki mkunje angali mbichi, na mkunjo aliujua mmoja tu.

Miongoni mwa watoto alikuwamo Kabula, aliyeanza tu kung'oka meno. Wenzake wakipepeta, yeye alifukua kona ya ua kwa kigae, akakanda vumbi kwa mate, akafinyanga vijungu vilivyopasuka mara vilipokauka. Nyamizi alivikanyaga, akamrudisha kwenye ungo.

"Bibi, udongo huu haushikani. Naomba ule anaochimba mama."

"Leo ni kupepeta, mjukuu wangu. Ya udongo utayajua ukikua."

Kabula aliomba na kuomba, mwisho akanyamaza. Nyamizi alifurahi, akidhani mtoto amekunjika. Kumbe Kabula alikwisha kuamua kuufuata udongo mwenyewe. Siku moja baada ya mvua kubwa, watu wazima walipolikimbia shimo la udongo kwa kuogopa kingo zake, Kabula alichomoka uani akashuka bondeni. Kishindo cha kingo kuporomoka kiliposikika walikwenda mbio na majembe, lakini walichelewa. Walimtoa akiwa bado ameufumbata udongo, laini, wa kushikana.

Mama yake hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, "Bibi, mwanangu alipenda nini alipokuwa kwako? Mimi nilikuwa shimoni siku zote."

Nyamizi alilijua jibu. Alikuwa amelikanyaga kila siku. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu Nyamizi alimlilia mpaka alipokufa yeye mwenyewe.

Baada ya matanga aliutupa ufito, akaketi chini, akawatazama waliobaki: nani anashika nini, nani anarudia nini. Ndipo akapanga kazi.

Na tangu siku hiyo, walezi wa wafinyanzi huketi kimya asubuhi, wakitazama mikono ya watoto kabla ya kufundisha lolote. Na kila ua huwekewa lundo la udongo mzuri wa bondeni, hata kama hakuna mtoto aliyeuomba.