Kaa Amjengea Sangara Sebule

Paukwa.

"Pakawa."

Mbona mnaitika kama mmeamshwa usingizini? Tena. Paukwa.

"Pakawa!"

Mto una nini?

"Una mawe."

Chini ya jiwe kuna nani?

"Kuna Kaa."

Na Kaa anafanya nini?

"Analalamika!"

Haya, hapo mmepatia. Analalamika, na nitawaambia kwa nini, kisha mtaniambia kama nyinyi msingelalamika.

Hapo kale palikuwa na mto mfupi, uliotoka Bwawa la Juu ukashuka mpaka Ziwa la Chini. Humo mtoni walikaa samaki, ngege, na furu, na kamongo, watu wa adabu. Wana adabu mpaka wanaudhi. Kwao mtu akipiga hodi, anaitikiwa karibu. Hawaulizi ni nani, hawaulizi anataka nini. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Na ukishasema karibu, mlango lazima ufunguliwe, maana kumkaribisha mtu huku umemfungia ni unafiki.

Kaa alikaa katikati ya mto, chini ya jiwe bapa. Jirani yake alikuwa Bi Ngege, na Bi Ngege watoto wake aliwalea mdomoni, kama walivyo ngege wote. Humo walilala, humo walicheza, humo walikimbilia hatari ikija. Asubuhi walitoka kidogo wakampanda Kaa mgongoni, Kaa akajifanya amekasirika, wao wakacheka. Hana watoto huyo Kaa. Hao ndio waliokuwa watoto wake.

Basi Sangara akaingia Ziwa la Chini. Nani alimleta? Hapo msiulize, kila mmoja anasema ni mwenzake. Akala dagaa, akamaliza. Akala furu wa huko, akamaliza. Akainua macho, akauona mto.

Kaa akasikia habari, akaanza kujenga ukuta. Kacha kacha, jiwe juu ya jiwe. Kacha kacha, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule. Wenzake walipita, wakampa pole ya kazi, wakaendelea na safari zao. Ukuta ukasimama. Maji yalipita kwenye matundu, Sangara hakuweza kupita.

Sangara akafika. Akaugusa ukuta kwa pua, akauona mgumu. Akasema kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, "Hodi wenyewe."

"Karibu," akaitika Bi Ngege.

Sasa niambieni, mtu ana watoto mdomoni, akisema karibu kinatokea nini? Mdomo ukafunguka, watoto wakamwagika, maji yakawasomba wengine mpaka kwenye matundu ya ukuta. Na upande wa pili Sangara amekaa, kinywa wazi, anawameza. Gubu.

Waliobaki wakarudi mbio mdomoni kwa mama yao. Bi Ngege akalia, mdomo umefumbwa.

"Jirani," Kaa akamwambia, "umesema karibu."

"Mm, alipiga hodi," Bi Ngege akasema kupitia upande mmoja wa mdomo.

"Lakini ni Sangara."

"Najua ni Sangara. Alipiga hodi."

"Basi hamia Bwawa la Juu na hao waliobaki."

"Nihame na mgeni yuko mlangoni? Watu watanisemaje?"

Kaa akashusha pumzi, akaokota jiwe. Akaziba matundu kwa changarawe na udongo, akaacha vijitundu ambavyo hata yai halipiti. Akajipumzisha. Kesho yake sauti ikaja tena, tamu vilevile.

"Hodi wenyewe."

Safari hii Bi Ngege alijikaza. Lakini furu walikuwepo, na furu ni wengi, na wote wakaitika kwa pamoja, "Karibu!" Halafu, kwa kuwa wameshakaribisha, wakaenda ukutani kufungua. Huyu akavuta jiwe, yule akavuta jiwe. Kaa akafika mbio kwa ubavu, akakuta pengo limefika nusu ya kichwa cha Sangara.

"Mnafanya nini?"

"Tunamfungulia mgeni."

"Mgeni gani? Huyu atawameza."

"Hiyo ni tabia yake," wakasema furu. "Sisi tunaangalia tabia yetu."

Jamani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kaa akashusha pumzi, akaokota jiwe. Akaziba pengo, kisha akapanda mpaka kwa Mzee Kamongo, mkubwa wa mto. Huyu mzee kiangazi chote hulala matopeni, na akiamka anaamkia kuwakosoa watu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyejenga ukuta? Nimesikia mgeni anaachwa nje kama mwizi."

"Mzee, mgeni mwenyewe ni Sangara. Naomba uwaambie watu wasimwitikie. Asipoitikiwa ataondoka."

"Mtu apige hodi, anyamaziwe?"

"Basi waitike na midomo wameifumba. Wagune tu."

"Mgeni aguniwe?" Mzee Kamongo alitikisika mpaka matope yakatibuka. "Mto huu haujawahi kumgunia mgeni. Babu zako kaa walikuwa watu wazuri, sijui wewe umetoka wapi."

Kaa akarudi, hasira zimemjaa hadi kwenye magando. Akamkuta Bi Ngege amejibanza nyuma ya jiwe. Akamwambia afungue mdomo kidogo aone nani amebaki. Walibaki wachache, wamekumbatiana kwenye kona ya shavu, hakuna anayetaka kutoka kumpanda mtu mgongoni. Kaa akawatazama, akasikia uchungu, akasema moyoni: hawa watu hawataacha kusema karibu. Hata wakiliwa mmoja mmoja, wa mwisho atakuwa anasema karibu. Basi tusishindane nao.

Akarudi kwa mzee, mpole kama maji ya mtungi.

"Mzee, nimekosa. Umenifungua macho. Mgeni lazima akaribishwe. Ila nina swali. Akishakaribishwa, mgeni anakaa wapi?"

"Swali gani hilo? Anakaa sebuleni."

"Na sebule yetu iko wapi, mzee?"

Mzee Kamongo akainuka matopeni. Akatazama huku, akatazama kule. Mto mzima, na heshima zake zote, haukuwa na sebule.

"Aibu," akasema mzee kwa sauti ndogo. "Aibu iliyoje. Tumekuwa tukiwapitisha wageni jikoni."

Wee! Mto ukachemka. Wale wale ambao hawakuinua hata kokoto kujenga ukuta, sasa wanagombea mawe. Furu wanabeba, kambare wanabeba, Mzee Kamongo mwenyewe anasukuma udongo kwa tumbo. Kaa akawaelekeza. Ukuta wa juu, ule wa zamani, wakaupandisha mpaka maji yakawa yanamwagika kutoka juu, shwaaa, kama mtu anamimina ndoo. "Huo ni ukuta wa ndani," akasema Kaa, "mgeni asichungulie vyumbani." Chini yake wakaacha kidimbwi. Na chini ya kidimbwi wakajenga ukuta mwingine, wenye mlango kama wa mgono, ule mtego wa wavuvi: nje mpana, ndani mwembamba, mawe yenye ncha yakielekea ndani. "Hayo ni mapambo," akasema Kaa.

"Na karibu atasema nani?" akauliza mzee.

"Bawabu, mzee. Sebule yenye heshima ina bawabu, na mgeni huitikiwa na bawabu peke yake. Nitajitolea mimi."

Mzee akakubali. Bi Ngege akasikia, akafumba mdomo wake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemlazimisha kuufungua.

Asubuhi Sangara akaja. Alikuwa amekonda, Ziwa la Chini halina kitu tena.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akaitika Kaa, "karibu sebuleni, bwana mkubwa."

Sangara akajipenyeza. Mawe yakamkwaruza ubavuni, krrr, akapita. Akatazama kidimbwi.

"Ndani naingia lini?"

"Mgeni hula kwanza, bwana. Ukishashiba, ndani ni kwako."

"Chakula kiko wapi?"

"Kiko njiani."

Wala Kaa hakudanganya. Sangara wadogo walikuwa wanamfuata mkubwa wao, nao wana njaa. Mmoja akapaza sauti kule nje, "Hodi."

"Bwana mkubwa," akasema Kaa, "huyo ni jamaa yako. Nimkaribishe?"

"Ni mpwa wangu. Mkaribishe."

"Karibu sebuleni."

Mpwa akaingia. Wakakaa wawili, kidimbwi kidogo, njaa kubwa. Mjomba akamtazama mpwa. Mpwa akamtazama mjomba. Gubu.

"Pole kwa msiba, bwana," akasema Kaa.

"Alikuwa ananiegemea," akasema Sangara, akijilamba. "Ndani sasa?"

"Umeshiba?"

Sangara akafikiri. Mlafi ukimwuliza kama ameshiba, hajui ajibu nini.

"Bado."

"Basi bado."

"Hodi," kule nje. "Karibu sebuleni." Gubu. "Hodi." "Karibu sebuleni." Gubu. Wapwa wakaja, binamu wakaja, shemeji wakaja. Kwa kila aliyeingia, Kaa alimpa Sangara pole, na kila mara Sangara alikuwa na sababu: huyu hakumwamkia, yule alikaa mahali pake. Tumbo likaja mbele, shingo ikapotea.

Mwishowe akaingiwa na shaka. "Bawabu, nimechoka kungoja. Naenda kwangu." Akaingiza kichwa mlangoni. Ncha za mawe zikamdunga, mabega yakagoma.

"Mlango umepungua."

"Mlango ni uleule, bwana."

"Basi niingie ndani, nimeshiba."

"Umekaribishwa, bwana. Ruka tu."

Sangara akaruka. Chubwi. Akaruka tena. Chubwi. Ukuta mrefu, tumbo zito. Akatulia kidimbwini, anahema.

"Hodi," ikasikika nje.

Sangara akageuka taratibu kuutazama mlango. "Mkaribishe," akasema.

Na ndivyo mto ulivyopata ukuta usiohitaji kuzibwa. Sangara yeyote aliyepanda alikutana na Sangara. Wakapungua huko chini, na waliobaki wakaambizana kwamba mto ule una wenyeji wakarimu mno, akiingia mtu hatoki.

Mzee Kamongo akawakusanya watu. "Mmeona?" akasema. "Nilisema mimi. Ukarimu ndio uliotuokoa." Watu wote wakaitika kwamba ni kweli, mzee alisema. Hakuna aliyemtazama Kaa.

Kaa akarudi kwenye jiwe lake bapa. Bi Ngege alikuwa anamngoja. Akafungua mdomo wote, wale watoto wachache wakatoka, wakazunguka, wakaogopa, wakasogea, wakampanda mgongoni. Kaa hakujifanya amekasirika. Alitulia asiwatishe.

"Jirani," akasema Bi Ngege, machozi yakimlenga, "wameanza kuongea. Leo mdogo wao ametamka neno lake la kwanza."

"Amesema nini?"

"Mwambie mjomba Kaa, mwanangu. Mwambie."

Yule mdogo akasimama juu ya gando la Kaa, akajaza mashavu maji, akasema:

"Karibu."

Kaa akashusha pumzi, akaokota jiwe.

Haya, mto umekauka, nami nimekauka koo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani, asiyeipenda ampelekee Sangara, yeye hakatai kitu. Na funzo mlishike, msije mkasema sikuwafunza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Milango iacheni wazi, watoto, mtu yeyote akipiga hodi aitikiwe. Mimi mwenyewe nyumbani ndivyo ninavyofanya. Ila ukija, piga hodi mapema, maana kuna makomeo mawili, na lile la chini linakwama.