Chunusi Haifukuzwi, Husindikizwa

"Chunusi haifukuzwi, husindikizwa." Mama yenu kamwambia mwenzenu Nuru hivyo asubuhi, mkacheka, sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Muheza, na aliyeitangaza nilicheza naye timu moja.

Jina lake Mwanamkasi. Alikuwa na miaka kumi na minane, mfungaji wetu wa mpira wa pete, na akirusha mpira huulizi kama umeingia. Mwaka ule uso wake ulijaa chunusi, kuanzia kipajini mpaka kidevuni. Watu hawakumwacha. Huyu alimwambia haogi vizuri, yule akamwambia ana damu chafu. Akazikamua kwa kucha. Akazipaka dawa ya meno. Siku moja akakata ndimu, akajisugua uso mzima, akaja hivyo hivyo mazoezini, jua kali. Kufika jioni ngozi imebabuka, mashavu yamevimba. Akajifunga mtandio mpaka machoni, akasema hachezi tena. Fainali ya tarafa ilikuwa imebakiza miezi mitatu.

Shangazi yake, Bi Hidaya, mkunga mstaafu, akamchukua akae kwake. Kwanza alimpeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka palipoungua. Waliporudi nyumbani, Bi Hidaya hakuongeza dawa yoyote. Kwa siku nne alimtazama tu: anakula nini, analala saa ngapi, mikono yake inakwenda wapi.

Siku ya tano akasema, "Mwanangu, wewe si mchafu. Na ndimu kazi yake mchuzini. Lakini mafuta ya nywele yanakutiririkia usoni, mtandio una jasho la juzi, chai yako sukari vijiko vitano, usingizi huupati kwa mawazo. Na vidole hivyo havitoki kwenye mashavu."

Wakaanza. Uso ulioshwa asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, bila kusuguliwa. Foronya na mtandio vikafuliwa kila baada ya siku mbili. Soda ikakoma, mchicha na kunde zikaongezeka. Ngozi ilipopona, Bi Hidaya alikata jani la mshubiri, akamjaribishia ute wake mkononi kwanza, ndipo akamruhusu kuupaka usoni. "Unatuliza tu," alimwonya, "hautibu kila kitu." Na kila alasiri walitembea pamoja mpaka mtoni, Mwanamkasi akitoa yaliyokuwa moyoni.

Wiki ya tano, alipoanza kupata matumaini, zikachomoza tatu mpya. Bi Hidaya akamkuta jikoni, ndimu mkononi, machozi yanamtoka.

"Shangazi, nimechoka! Nataka ziondoke leo."

"Mgeni akikaa sana kwako, unamtoaje?"

"Namsindikiza."

"Ukimfukuza je?"

Mwanamkasi akafuta machozi. "Atapiga kelele, majirani wote wasikie."

"Ulishamfukuza mara moja, na kelele zake tuliziona usoni. Hizo zisindikize, mwanangu. Pole pole, lakini kila siku. Zikikataa kabisa, tutarudi kwa daktari, wala si aibu."

Mwanamkasi akaitumbukiza ndimu kwenye chungu cha samaki. Kesho yake alfajiri tulimwona uwanjani, uso wazi, anarusha mpira peke yake. Hakukosa siku hata moja tangu hapo, si mazoezini, si kwenye uso wake.

Siku ya fainali chunusi zilikuwa zimepungua sana, lakini hazijaisha. Madoa yalikuwepo, na mbili tatu mbichi kidevuni. Alipopita kushika nafasi yake, msichana mmoja wa upande wa pili akapaza sauti, "Mwanamkasi! Kumbe bado unazo!"

Sisi wenzake tulitamani ardhi ipasuke. Yeye akasimama, akamgeukia, akamwonyesha uso wote.

"Ninazo," akasema. "Chunusi haifukuzwi, husindikizwa. Nami nimezifikisha njiani."

Watu wakaangua kicheko, na safari hii walikuwa upande wake. Akafunga mabao kumi na tisa. Tulishindwa kwa bao moja, lakini hakuna aliyeondoka akizungumzia bao hilo. Waliondoka na maneno ya Mwanamkasi, wakayapeleka sokoni na shambani. Mpaka leo, mtu akitaka kukata kwa papara jambo linalotaka siku na uangalizi, atamsikia mwenzake akimwambia: chunusi haifukuzwi, husindikizwa.