Chumvi ya Safari ya Mwisho

Kisa hiki unaweza kumpelekea unayemjua kuwa na msiba, lakini mpelekee kwa upole, na umwombee dua kwanza.

Palikuwa na mzee mmoja wa pwani, jina lake Mzee Vuai. Alikuwa na mtoto wa pekee, Mbarouk, na Mbarouk alikuwa na boti ndogo ya faiba yenye mashine moja nyuma. Haikuwa boti ya uvuvi wala ya abiria. Ilikuwa ya mapumziko. Siku asiyokwenda kazini, Mbarouk alimpakia baba yake, mkewe Biubwa na binti yao mdogo, wakafuata ufuko taratibu mpaka kwenye fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa. Hapo walikula, wakaoga, wakarudi kabla jua halijakuchwa.

Wakirudi, Mbarouk hakuingia ndani mpaka aioshe mashine kwa maji matamu ya kisima na kuiinua itoke baharini. Alikuwa akisema, "Bahari haina ubaya, ila usilale na chumvi yake."

Safari moja alirudi akitetemeka kwa homa. Aliifunga boti kwa shida, akabebwa kupelekwa hospitali. Mashine ilibaki imezama majini bila kuoshwa. Mbarouk hakurudi nyumbani. Mwenyezi Mungu alimchukua.

Baada ya maziko, jirani mmoja alikuja na ndoo zake. "Mzee Vuai, tuioshe ile mashine. Itaharibika."

Mzee Vuai alimzuia. "Chumvi ile ilishika pale mwanangu akiwa hai. Asiiguse mtu."

Jirani hakubishana naye. Nani wa kubishana na mzazi aliyetoka kuzika?

Na si boti peke yake. Viatu vya Mbarouk vilibaki mlangoni, shati lake likabaki msumarini. Mtoto akicheka, babu yake alimwambia, "Nyamaza, mama. Nyumba hii ina msiba." Mzee hakuwa mkatili. Aliswali, akasoma khitma, akalia peke yake. Aliamini kwamba huzuni ikipungua, mwanawe atakufa mara ya pili.

Eda ya Biubwa ikaisha. Akamwendea mkwewe kwa adabu.

"Baba, tumpeleke mtoto fungu. Siku moja tu."

"Nani ataendesha?"

"Mie. Mwenyewe alinifunza."

"Bado, mwanangu."

Ramadhani ikaja, ikapita. Akaomba tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu Biubwa hakuinama.

"Baba, kaka yangu anataka kuja kunichukua. Mie sikutaka kwenda, hapa ndipo kwangu. Lakini siwezi kumlea mtoto kwenye matanga yasiyokwisha. Tukitoka siku moja tu kama watu walio hai, nitamwambia kaka asije."

Mzee aliwapenda wale wawili, na hakuwa na wengine. "Haya," alisema. "Kesho tutakwenda."

Asubuhi Biubwa alipika wali wa nazi na pweza. Mzee akamwita Fundi Kheri aje kuiwasha mashine, maana ilikuwa imelala muda mrefu.

Fundi Kheri alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena, akafungua kifuniko, akachungulia, akainua mguu wa mashine uliokuwa majini. Ulikuwa umejaa magamba na mwani, na chuma chake kinamung'unyika kama mkate wa jana.

"Ami yangu," alisema, "hii si mashine tena. Ni ya kufungia mbuzi tu, asitoroke."

Hakuna aliyecheka. Fundi akaona haya, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa huwekwa kipande cha zinki. Chumvi hula zinki, mashine ikapona. Zinki ikiisha, unaweka nyingine. Hii iliisha zamani, ndipo chumvi ikaingia kwenye mashine yenyewe. Haitengenezeki."

Mzee Vuai alishika ukingo wa boti. "Nilitaka kumtunzia," alisema. "Iwe kama alivyoiacha."

Biubwa alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, chombo cha wali mikononi.

"Baba," alisema, "kule hospitali, kauli yake ya mwisho ilikuwa ya mashine hii. Alisema, 'Mwambie baba anioshee, isilale na chumvi.'"

Mzee aligeuka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia, Baba. Siku ya kuanua matanga. Ukaniambia nisikutajie boti tena."

Kumbe jambo la mwisho alilotaka mwanawe ndilo hilohilo yeye mzee alilolizuia, na alilizuia kwa jina la mwanawe.

Aliteka maji ya kisima, akaanza kuiosha ile mashine iliyokwisha kufa, polepole, kama mtu anayeosha maiti. Fundi Kheri alivua kofia, akaondoka. Mzee alipomaliza, aliuliza bila kuinua uso:

"Kaka yako aje?"

Biubwa aliweka chombo cha wali ndani ya boti.

"Aje, Baba. Nimechoka."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakumlaumu wala hakumsihi. Kaka mtu alipofika, Mzee Vuai mwenyewe ndiye aliyebeba sanduku mpaka kwenye gari. Akambusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akampa Biubwa radhi zake zote mbele ya watu. Kisha akasimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia.

Funzo: Marehemu hatunzwi kwa kuacha kila kitu kama alivyokiacha. Mtunze kwa dua na kwa kutimiza alichotaka, na uwasikilize aliokuachia wakiwa bado wanakuomba.