Fomu ya Bwana Lugendo

Karani wa stesheni, Nyamizi, ndiye aliyepokea maombi ya waliotaka ujumbe wa bodi ya kusimamia polisi wa reli. Bwana Lugendo, tajiri wa vyuma chakavu, alimjia akaegemea meza.

"Jina langu liwe la kwanza, binti. La sivyo, utahamishiwa porini."

Mwezi uliotangulia treni ilikuwa imeanguka kwa sababu reli ziling'olewa. Nyamizi alimshuku Lugendo, ila ushahidi hakuwa nao.

"Sawa, mzee," alisema kwa upole. "Lakini wa kwanza huwa anayeujua wizi wa reli kuliko wenzake. Kuna mwalimu mstaafu amejaza kurasa mbili."

"Mwalimu anajua nini?"

Lugendo alivuta kiti, akajaza kurasa sita: reli hung'olewaje, nani hufumba macho, hata zile zilizong'olewa kabla ya ajali zilifukiwa wapi. Akatia sahihi kwa madaha.

Baada ya siku tatu aliitwa. Alifika na suti mpya, akakuta wapelelezi wawili.

"Nimepita?"

"Umewapita wote, mzee," alijibu Nyamizi. "Reli zimekutwa palepale ulipoandika. Hawa wanataka tu kujua ulijuaje."