Mama Ngiri na Lango la Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sogeeni. Na ninyi wakubwa, msijifanye hadithi ni ya watoto. Hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi kavu, nyasi zake fupi, mawe yake ya moto. Katikati yake palikuwa na chemchemi moja. Bubu-bubu-bubu, maji yanatoka chini ya mwamba, masika na kiangazi. Wanyama wote walikunywa hapo.

Chemchemi hiyo aliifukua Bibi Ngiri. Ulikuwa mwaka wa ukame, wanyama wanaanguka njiani. Bibi Ngiri akapiga magoti. Akafukua kwa pua, akafukua kwa meno, akafukua, akafukua, mpaka udongo ukalowa. Maji yakatoka. Yeye akafa palepale kwa kuchoka, akazikwa palepale.

Akaacha mjukuu, ndiye Mama Ngiri wa hadithi yetu. Alikaa na wanawe kwenye shimo karibu na maji.

Basi siku moja Korongo akawaita wanyama. Korongo alikuwa mweupe, miguu mirefu, sauti ya upole.

"Ndugu zangu," akasema, "kingo za chemchemi zinabomoka. Maji yanachafuka. Tujenge bustani kuizunguka. Tupande miti, tupange mawe, tuweke ua. Hata wageni wa mbali waje waione. Iwe bustani ya wote."

"Ya wote?" akauliza Mama Ngiri.

"Ya wote, mama. Na jina la bibi yako litatangulia."

Mama Ngiri machozi yakamtoka kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumtaja bibi yake mbele za watu.

Kazi ikaanza. Tembo akabeba mawe, gudu, gudu. Nyani akapanda miti. Mama Ngiri akachimba mitaro, akachimba na misingi ya ua. Asubuhi anapiga magoti, jioni anainuka. Fuku-fuku, fuku-fuku. Magoti yakachubuka, yakapona, yakachubuka tena, mwisho yakaota sugu nyeusi.

Bustani ikaisha. Ilipendeza, siwezi kuwadanganya. Maua, vivuli, njia za mawe. Kando ya maji wakasimamisha sanamu ya Bibi Ngiri, magoti yake laini kama yai.

Siku ya kufungua, wanyama wakapanga mstari. Korongo amesimama langoni. Swala akapita. Pundamilia akapita. Akafika Mama Ngiri na wanawe.

"Mama, una matope," akasema Korongo. "Kanawe kwanza."

"Nikanawe wapi? Maji yamo ndani."

"Ndiyo maana hatutaki yachafuke."

Walio ndani wakasikia. Wakatazama maua.

Mama Ngiri akarudi. Akajifuta kwenye nyasi, akajisugua kwenye magome ya miti. Na watoto akawasugua mpaka wakalia. Kesho yake akaja tena.

"Magoti bado meusi," akasema Korongo.

"Haya si matope, Bwana Korongo. Ni sugu. Nimezipata nikichimba misingi ya ua huu."

"Najua, mama. Lakini wageni hawatajua."

Lango likafungwa, ka!

Kiangazi kikawa kikali. Mama Ngiri na wanawe wakawa wanalala nje ya ua, wanayasikia maji. Bubu-bubu-bubu. Mwanawe wa mwisho akachungulia kwenye upenyo.

"Mama, yule aliyesimama kando ya maji ni nani?"

"Ni bibi yangu."

"Mbona yeye kaingia?"

Mama Ngiri akainuka. Akawachukua wanawe, wakaelekea bwawa la nyuma ya vilima. Wakaenda, wakaenda. Jua linachoma. Yule wa mwisho akasema miguu imekataa. Mama akambeba mdomoni. Alipomweka chini kivulini, hakuinuka tena.

Mama Ngiri akapiga magoti, akamchimbia kaburi. Safari hii udongo haukulowa.

Aliporudi na wanawe kuchukua vilivyobaki shimoni mwake, alisikia Korongo akiwasimulia wageni jinsi Bibi Ngiri alivyowapenda wanyama wote bila ubaguzi. Wageni wakapiga makofi, pwa-pwa-pwa.

Njiani akakutana na Swala, jirani yake wa siku nyingi. Swala alikuwa amenawiri, pua bado mbichi kwa maji.

"Pole, mwenzangu," akasema Swala. "Nimesikia habari za mtoto."

"Siku ile langoni ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukasema nini?"

Swala akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakunywa," akasema.

Mama Ngiri hakumtukana. Akawakusanya wanawe waliobaki, wakashika njia ya vilimani, wala hakugeuka nyuma.

Basi, wasikilizaji wangu, kitu kikiitwa cha wote, tazameni kwanza nani ameshika lango. Na aliyenyamaza kwa kuwa yeye ameingia, naye amelifunga.

Hadithi yangu inakomea hapa. Ni chungu, najua. Sikuitia asali.