Kiboko Alivyotaka Kutajwa Katika Kila Wimbo

Mpo?

Tupo, na masikio tumekuja nayo.

Nianze?

Anza, ukikosea tutakwambia.

Basi, palikuwa na bendi ya watu watatu. Kindi alipiga zeze, nyii-nyii. Chura aliimba. Kobe alikuwa ngoma: Chura aliimba huku akimpiga mgongoni, pu-pu-pu. Hawakuwa na spika wala waya. Walikuwa na jiwe.

Jiwe hilo lilisimama ukingoni mwa mto. Ukipiga zeze mbele yake, sauti inagonga jiwe, inaruka maji, inafika ng'ambo. Ukipiga mahali pengine, sauti inafika kwa jirani na inalala hapo hapo. Na ng'ambo ndiko kulikokuwa na sherehe za mavuno, vijiji kumi na viwili, kila kijiji na siku yake. Bendi ikiitwa huko msimu mmoja, imetoka. Isipoitwa, itapiga muziki wa kujifurahisha mpaka izeeke.

Tatizo ni kwamba mbele ya jiwe alilala Kiboko. Hakulijenga jiwe, hakulinunua. Alilala tu.

Kindi akamwomba asogee kidogo. Kiboko akasema atasogea, mradi atajwe kwenye wimbo, mara moja tu. Watatu wakatazamana, wakaona mara moja si kitu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na kila mpiga muziki aliyewahi kukubali mara moja tu analijua.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi. Ukitajwa kwenye wimbo unainuka, unawazunguka wapigaji, unarudi kukaa. Usipoinuka, jina linakuwa la yeyote atakayeinuka. Kiboko akatajwa, akainuka, gudu, gudu, gudu, akazunguka, watu wakampigia makofi. Akakaa, kando kidogo kama alivyoahidi. Akapenda.

Siku ya pili wakafanya mazoezi ya wimbo wa mvua. Kiboko akasema, "Mzuri, ila sijajisikia." Wakamtia.

Siku ya tatu, wimbo wa harusi. Kiboko akasema, "Mzuri, ila sijajisikia." Wakamtia.

Siku ya nne, wimbo wa kumbembeleza mtoto. Chura akauliza mtoto huyo atalalaje na Kiboko yumo ndani. Kiboko akasema, "Mzuri, ila sijajisikia." Wakamtia.

Siku ya tano akaleta majina ya sifa, saba, aliyojitungia mwenyewe: Bwana wa Maji, Shingo Pana, Baba wa Tope, na mengine ya namna hiyo. Alitaka yatajwe yote mwanzoni mwa kila wimbo, kwa pumzi moja, ili ainuke mara moja na amalize.

Wakati huo Bi Korongo, msimamizi wa sherehe za ng'ambo, akaleta habari. Jumamosi angekuja kuwasikiliza na kuamua kama wapige msimu mzima. Akaongeza kwamba kutoka kwao alikuwa akisikia neno moja tu, kiboko, kiboko, na angependa kujua kama hii ni bendi au ni tangazo.

Kobe akafikia mwisho wa subira. "Dada," akamwambia Kindi, "miaka minne napigwa mgongoni kwa ajili ya muziki. Sikupigwa ili nimtangaze Kiboko."

"Tumwongezee," Kindi akasema.

Kobe akaingiza kichwa ndani, akakitoa kesho yake.

Kindi akaenda kwa Kiboko. Akamweleza kwamba kutaja majina saba kwa pumzi moja ni kuyaharibu, watu hawapati nafasi ya kuyasikia. Kila jina lipewe mstari wake, na kila mstari urudiwe. Na wimbo upigwe saa sita mchana, watu wakiwa wamejaa. Kiboko akajibu kwamba siku zote alijua Kindi ana akili.

Jumamosi ikafika. Jua likawa utosini. Bi Korongo akasimama mbele, kwa mguu mmoja. Mamba akalala kando ya maji. Zeze likaanza, nyii-nyii.

Chura akaimba, Bwana wa Maji. Kiboko akainuka, gudu, gudu, gudu, akazunguka, akakaa. Chura akaimba, Shingo Pana. Kiboko akainuka, gudu, gudu, akazunguka, akakaa. Chura akaimba, Baba wa Tope. Kiboko akainuka, gudu. Alipofika jina la saba, Chura akarudi kwenye la kwanza.

Ubeti wa tatu, ngozi ikaanza kumkaza kwa jua. Ubeti wa nne, pumzi zikawa fuuu, fuuu. Alipokuwa akizunguka akainama karibu na Kindi.

"Binti, wimbo huu una beti ngapi?"

"Hatujafika kiitikio, mzee."

"Na nikikaa?"

"Kaa, mzee. Mamba naye ana shingo pana."

Mamba alikuwa ameshainua kifua. Kiboko akainuka.

Kikaja kiitikio. Majina yote saba, moja baada ya jingine, na sasa watu wameyakariri na wanaimba pamoja na Chura. Inuka, kaa, inuka, kaa. Kiboko akaanguka kifudifudi, puu.

"Nitoe," akasema. "Nitoe kwenye nyimbo zote."

Kindi akasema angependa sana, ila maadamu mzee yuko mbele ya jiwe wanamwona, na wakimwona wanamtaja. Hawawezi kujizuia. Kiboko hakungoja amalize. Akajiburuta hadi mtoni, chubwi. Tangu siku hiyo anashinda majini, ameacha masikio nje, anasikiliza kama anatajwa. Majina saba yalibaki mchangani. Mamba akayachukua, na hadi leo hajui ayafanyie nini.

Jiwe likabaki wazi. Wakapiga wimbo wa mvua, mvua tupu. Wakapiga wa harusi, harusi tupu. Wakapiga wa kumbembeleza mtoto, na watoto wawili wakalala. Bi Korongo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaalika kwenye vijiji vyote kumi na viwili. Kobe akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uliopita.

"Mje na ule wa kuinuka-inuka," Bi Korongo akasema. "Hizi nyingine, nafasi ikipatikana."

Kindi akajitahidi kumweleza kwamba ule haukuwa wimbo, ulikuwa mtego.

"Basi mtege kila kijiji."

Wakaenda. Wakaupiga kijiji cha kwanza, cha pili, cha tatu, na cha nne mara mbili. Kijiji cha tisa Chura akaomba aimbe ule wa mtoto, uliomchukua miaka miwili kuutunga. Wakamruhusu. Akauimba wote. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, kwa upole kabisa, "Haya, sasa tupigieni wa Kiboko."

Funzo la hadithi hii ni kwamba mkubwa akitaka kutajwa, mtajeni, msinung'unike. Watatu hawa walimtii Kiboko kwa kila neno, na mmeona walikofika.

Yangu nimeitua hapa. Aliyesinzia amuulize jirani yake, na jirani akimdanganya, hiyo ni hadithi ya jirani.