Lifti Moja, Majengo Matatu

Hapo zamani, enzi za kaseti, pembezoni mwa Paris kulikuwa na majengo matatu marefu, na lifti zote tatu zilikuwa zimekufa.

Katika jengo la kwanza aliishi Nasuri, kijana wa Kingazija, mtu wa sala tano na wa toba nyingi. Mama yake, Bi Echati, alikaa juu kabisa na magoti yake mabovu. Tangu lifti ife, hakushuka tena.

"Mwanangu, ardhi bado ipo?" humwuliza Nasuri kila arudipo.

"Ipo, Mama."

"Isalimie."

Basi meya akatangaza: "Nina lifti moja tu. Watakaoshinda shindano la muziki, itakuwa ya jengo lao." Watu wakacheka. Meya hakucheka.

Nasuri alijua muziki wa kufokafoka. Akafoka mbele ya mama yake. Bi Echati akasema, "Maneno yapo, lakini ni wali mkavu, hauna mchuzi."

Nasuri akaenda jengo la pili, kwa Mama Kadia wa Mali, aliyetwanga mtama kwa kinu mpaka chokaa ya dari ikawadondokea jirani zake kwenye chai. "Mama Kadia, nipe mdundo."

"Chukua, ila kinu hakitembei bila mimi."

Akaenda jengo la tatu, kwa Mzee Albano, Mreno mwenye akodiani. "Mzee, tupe sauti."

"Sipendi kelele zenu!"

"Basi njoo utukomeshe."

Akaja kuwakomesha, akanogewa.

Wakafanya mazoezi, kila mmoja akiiona lifti imesimama kwao. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Kuuliza kungeleta ugomvi, na muziki ulikuwa umeshakolea.

Siku ikafika. Uwanja ulikuwa chini ya madirisha ya majengo yote matatu. Kinu kikadunda, akodiani ikalia, Nasuri akashika kipaza sauti, na maneno yote yakamtoka kichwani.

"Sema chochote, baba!" Mama Kadia akanong'ona. "Mikono inaniuma!"

Nasuri akatafuta moyoni, asikute kitu ila dhambi zake. Akazimwaga:

"Nilivaa kandambili za imamu, nikarudisha moja!
Nilisinzia kwenye sijida, nikasifiwa ucha Mungu!
Na lifti ya kwetu, enyi watu, niliiua mimi!
Nilipandisha kondoo wa Idi kwa siri,
akala vitufe, akala nyaya, akashuka kwa ngazi, mzima!"

Uwanja ukalipuka. "Akala vitufe!" wakaitikia Waarabu, Wareno, Wafaransa, kwa sauti ya akodiani. Nasuri akalia machozi ya kweli. Wakasema, kijana ana ufundi huyu!

Juu dirishani Bi Echati akapaza sauti: "Nasuri! Kumbe wewe ndiye uliyenifungia huku?"

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lete lifti!"

Wakashinda. Meya akauliza, "Jengo lipi?"

"Kwetu," akasema Nasuri. "Yaliyoshinda ni maneno yangu."

"Muuaji wa lifti apewe lifti?" Mama Kadia akamkata. "Uliponyamaza, nani alitwanga mpaka ukapata la kusema? Na kinu hiki nimekishusha na kukipandisha kwa kichwa, shingo imeingia mabegani!"

"Kinu peke yake ni kama fundi anayebomoa ukuta," akasema Mzee Albano. "Watu wameondoka wakiimba sauti ya akodiani yangu. Tena mke wangu yumo katika kiti cha magurudumu. Yeye anaishi chini mlangoni kama bawabu, mimi juu. Supu namshushia kwa kamba!"

Nasuri akainama. Akiichukua lifti, atakuwa amelipwa kwa dhambi yake. Akiiacha, mama yake ataendelea kuilipia dhambi asiyoitenda.

Fundi ameshaishusha lifti mpya katikati ya uwanja, ameketi juu yake na nyundo mkononi, na mvua inaanza. Nanyi mliokaa hapo mnacheka, jibuni basi: kati ya hawa watatu, nani anastahili lifti?